Onja Tena

"Onja kwanza," mkuu wa kituo, Meshack, alimwambia Zaitun kila alipomletea mumewe chakula.

Ndiyo desturi ya kituo: anayeleta chakula anakionja mbele ya askari, mahabusu asije akalishwa sumu. Zaitun alimega tonge la ugali, akachovya kwenye mlenda, akala.

"Onja tena. Sumu nyingine inakaa chini."

Akaonja tena, na tena, machozi yakimlengalenga, mpaka mumewe, Mudrick, akapelekewa bakuli la kulamba. Askari walicheka. Meshack aliwashinda wote kwa kicheko.

Mudrick, muuza alizeti wa Chang'ombe, alikuwa amejibizana naye sokoni, basi. Hakimu alishaamuru aachiwe kwa dhamana. Koplo Priska aliisoma amri, akamgeukia Meshack.

"Afande, kukaidi mahakama ni jinai. Hata sisi tunafungwa."

"Hakimu ana kalamu, mimi nina funguo," Meshack alijibu, akizichezesha kidoleni. "Tuone kipi kinafungua mlango."

Zaitun aliinua viganja. "Mungu anakuona, baba."

"Msalimie. Mwambie apite hapa tunywe chai."

Ijumaa adhuhuri jua la Dodoma lilichoma bati la kituo bila huruma. Meshack alikuwa ameketi bila mkanda, bila viatu, njaa ikimkwangua. Mkewe alikuwa kwao Gulwe, na tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kumletea hata andazi. Ndipo akasikia sauti ya Zaitun kaunta, na harufu ya mchuzi wa kuku wa kienyeji ikamfikia.

Mate yakamjaa. Akainuka.

"Leo kuku, mama?" Priska aliuliza.

"Kuku, afande. Nimeona si vizuri mtu ashinde na njaa, hata awe nani."

"Mungu akulipe. Lakini utaratibu unaujua."

"Naujua sana. Leo ataonja aliyebeba."

Sufuria likafunuliwa. Meshack akasogea, akasogea, mpaka paji la uso likagota kwenye nondo za selo; funguo sasa zilikuwa kiunoni mwa Priska.

Ng'ambo ya nondo, pale kaunta kando ya mkewe, Mudrick aling'oa paja, akalitafuna taratibu, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Hili halina kitu, afande," alisema, akinyoosha mkono kwenye kidari. "Ila sumu nyingine inakaa chini."