Mkia wa Ubao

Farashuu alirudi kutoka uwanjani, mara ya kwanza tangu aanguke, akamkabidhi dada yake ubao mpya wa magurudumu ausafishe. Mize alizifuta mchanga beringi za magurudumu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akaugeuza mkia. Anayeruka huugonga mkia chini, na saruji huula rangi. Huu ulikuwa mwekundu wote.

"Umeruka kweli?"

"Nimeruka, dada. Nimechoka tu."

Nje ya mlango baba yao alisikika akivua viatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Farashuu kuruka, na kila jioni lazima aukague ubao.

Mize aliinama, akausugua mkia sakafuni mpaka mbao ikaonekana.

Mlango ulipofunguliwa, Farashuu aliweka mguu juu ya mchirizi wa rangi nyekundu uliobaki sakafuni.