Mzunguko wa Ishirini

Kesho yake Raya angefanya mtihani wa hesabu kwa mara ya tatu, na bado alichanganya mfuatano wa kujumlisha na ule wa kuzidisha. Alimtazama mama yake akifuma kitambaa cha meza, akahesabu vitanzi: mzunguko wa kwanza sita, wa pili kumi na viwili.

"Basi wa tatu ni ishirini na vinne."

"Haya, fuma hivyo, bingwa," mama alicheka, akampa uzi na sindano nyingine.

Raya alizidisha kwa mbili kila mzunguko. Kufikia wa tano, kitambaa kilikuwa kimejikunja kama kabichi.

"Hicho utakitandika wapi, mwanangu? Kichwani?" Mama alitandaza chake, kikatulia juu ya meza. "Mimi naongeza sita tu, kila mzunguko."

Raya aliandika daftarini. "Wa ishirini utakuwa na mia moja na ishirini."

"Hata sijaufikia!"

Asubuhi, Raya alipokuwa katika chumba cha mtihani, mama alikuwa barazani akiumaliza mzunguko wa ishirini, akihesabu kwa kidole: mia moja na kumi na vinane, mia moja na kumi na tisa…