Viporo vya Kichwani

Hii ilikuwa mara ya tatu nampeleka mume wangu Mbwana kwa fundi wa vichwa, na nilikuwa nimechoka. Ule mchezo wa vita wa kompyuta aliowekewa kichwani ulifutwa tangu Ramadhani. Lakini mpaka leo akisikia kishindo anajitupa nyuma ya kochi, na chapati zangu anazificha chini ya godoro, eti akiba ya kikosi.

“Ni viporo tu, mama,” fundi akasema. “Mchezo unatoka, mafaili yake mengine yanabaki.”

“Mimi kiporo nisichokitaka nakimwaga. Mwaga vyote.”

Akakikodolea macho kioo cha kompyuta yake. “Kuna faili moja kubwa. Linaitwa Mwanahamisi.”

Mwanahamisi ni mimi.

“Mlioana akiwa bado anacheza?”

“Ndiyo.”

“Basi yote anayoyajua kuhusu wewe yamehifadhiwa humo. Nikifuta, hatakujua.”

Nikamtazama Mbwana. Alikuwa benchini, mgongo ukutani, ananitabasamia.

Tulirudi hivyo hivyo. Siku hizi nikitoka sokoni napiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe, naye kutoka nyuma ya kochi ananiuliza niko upande gani.