Mstari Uliosogea

"Mstari umesogea, Dokta! Miezi minane unasogea, leo ndo unaukataa?"

"Punguza sauti, Machano. Nauliza tu nini kimeusogeza."

"Umeme! Nini kingine?"

Dokta Nyamizi, msimamizi wake, akavua miwani akafikicha macho. Naye alikuwa kachoka. Ndani ya mashine kulikuwa na kibati cha dhahabu, molekuli zimenata juu yake. Umeme ukiongezwa molekuli zinabadili mtetemo, na mstari kwenye skrini unasogea. Ukipima ulivyosogea, unajua nguvu ya umeme pale juu ya kibati. Digrii yote ya Machano ilikuwa huo mstari.

"Asubuhi huwa unaanza na umeme kiasi gani?"

"Mdogo. Napandisha taratibu mpaka alasiri."

"Kila siku hivyohivyo?"

"Kila siku."

"Na jua linaanza kuipiga mashine saa ngapi?"

Machano akaangalia dirisha. Pazia lilikuwa limeanguka tangu mwaka jana, na hakuna aliyelirudisha.

"Chomoa waya, tuone," Dokta akasema, kama anambembeleza mgonjwa.

Machano akachomoa. Wakasubiri bila kuangaliana. Kibati sasa hakikuwa na umeme hata chembe, ila mstari ukasogea tu, polepole, kama kawaida yake. Kumbe joto la jua nalo lilikuwa linausogeza, na kila siku lilipanda pamoja na umeme.

"Utarudia, mdogo wangu. Safari hii changanya mpangilio, usianze na umeme mdogo kila siku."

"Nimechoka, Dokta."

"Najua."

Machano akatoka na waya bado uko mkononi, akafunga mlango.