Hina Ndani ya Eda

Harufu ya udi ilimpokea Mahfoudh mlangoni, akakunja uso. Nyumba ya mjane aliye edani inafukizwa udi?

Alikuwa ameshuka melini kwenye bandari ya Matrah asubuhi ile, akitokea Uajemi, na moja kwa moja amekuja mtaa wa Darsait kuhani. Rafiki yake Muslim alifukiwa na theluji katika milima ya Alborz, walikokuwa wakipima njia ya barabara. Habari ya msiba aliituma mapema, mwenyewe akabaki huko miezi miwili kumaliza kazi. Alitarajia kukuta vilio.

Mamake Muslim, Bi Kheiria, alimkaribisha mkekani akiwa amejitanda kanga mpya. Hata hilo lilimkera.

"Haya baba, tusimulie. Sisi watu wa Unguja, theluji wapi tutaijua?"

"Ilianguka mpya juu ya kuukuu iliyoganda, bi mkubwa. Ikipigwa na jua, ile ya juu haina pa kushika, inaporomoka yote. Wenyeji walitwambia tuvuke alfajiri, mmojammoja. Muslim hakusikia. Tukavuka adhuhuri."

"Asiyesikia alikuwa yeye?"

"Yeye. Ukaidi wake si mnaujua."

"Na kamba? Nnasikia watu hufungana kamba."

"Ilikatika. Nikachimba kwa mikono, mama, mpaka ikanitoka damu."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, kicheko kifupi cha kike. Mahfoudh nusura aiteme kahawa. Nasriya, mke wa marehemu, anacheka! Na huyu ndiye aliyemfanya avuke bahari. Alimtaka tangu Unguja, Muslim akamwahi. Leo alikusudia aonekane na huzuni yake, kisha eda ikimalizika arudi kuposa. Sasa alijiuliza kama ataweza kumtazama bila ya kuona kinyaa.

Pazia likatikisika, mkono ukatokeza na sahani ya halwa. Ulikuwa umepakwa hina ya maua, mbichi kabisa, tangu vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Akaisukuma sahani kando. Mjane huyu hata haya hana, alijisemea, na mkwewe anamtazama tu.

Kisha, nyuma ya pazia hilohilo, mwanamume akakohoa.

Mahfoudh aliruka akasimama.

"Hii nyumba gani hii? Eda haijesha, mtu kajipamba hina, na mwanamume kamficha ndani! Nimeona uchafu mwingi duniani, Bi Kheiria, lakini huu unanitapisha. Na maiti ya mwanao hata kuzikwa haijazikwa!"

"Haijazikwa, kweli," alisema Bi Kheiria, akamjazia kikombe. "Kaa unywe."

"Sinywi kahawa ya nyumba hii! Mwiteni huyo bwana atoke, nimwone uso wake."

Bi Kheiria aliliweka dele la kahawa chini taratibu. "Nasriya, mwanangu. Mgeni anataka kumwona."

Mkono wenye hina ukalivuta pazia. Kwenye godoro, ameegemea mito, alikaa mwanamume aliyekonda, mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili, vingine vimeliwa na baridi ya theluji. Kwa vidole hivyo alishika kipande cha kamba, ncha yake imekatwa sawasawa.

"Mama," alisema Muslim, "sasa muulize habari ya kisu."