Nyayo Alizozikimbilia Mweupe

Mpaka leo sijajua kama Mweupe alitoka kwa mazoea au kwa makusudi.

Alikuwa panya wa kufugwa, aliyeponyoka tunduni akaja kuishi na panya wa shambani. Walimpenda, ila akisikia nyayo za watu, badala ya kukimbilia shimoni alitoka kuzilaki, maana kule kwao nyayo zilileta karanga.

“Ndugu yangu, huku nyayo huleta jembe,” Buku, mkubwa wao, alimwonya.

“Mwacheni bwana harusi akapokee wageni!” Kirukanjia, mmoja wao, alidhihaki, wakacheka.

Siku watoto wa mkulima walipomfuata hadi karibu na mlango wa shimo, hakuna aliyecheka. Kikao kikaamua afukuzwe jioni ile ile, na Buku ndiye amtoe.

“Mniwie radhi,” alisema Mweupe. “Miguu yangu huitangulia akili.”

Kabla jua halijatua, wakulima walikuja wakaanza kuchimba juu yao. Ndani walikuwamo vichanga ambao hata macho hawajafumbua. Mweupe akachomoka, akapita katikati ya miguu ya watu, akaelekea mtoni.

“Huyo! Huyo mweupe, mshike!”

Wakatupa majembe, wakamkimbiza wote. Hakurudi.

Usiku kikao kiliketi tena, kikaamua kwamba chumba chake kisilaliwe na yeyote. Buku, yule aliyepewa kazi ya kumfukuza, ndiye aliyekiziba kwa udongo, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.