Moshi wa Yunisi

Kila Jumamosi wazee wa kanisa walichoma vikaratasi vya maombi uani, ili moshi uyafikishe mbinguni. Yunisi alisimama kando ya moto, akamwona Mzee Zakayo akichomoa kwenye sanduku la maombi kitambaa chenye usaha.

“Nani katia uchafu humu?”

“Ni mimi, mzee. Sijui kuandika. Nimekifungua kwenye kidonda cha binti yangu. Hospitali wametuambia turudi nyumbani tukangoje.”

Mzee akakitia motoni kwa mikono miwili.

Vikaratasi vya waumini wengine viliwaka, moshi ukapaa. Kitambaa kilikuwa kibichi, kikafuka tu. Moshi wake ulikataa kupaa. Ulitambaa chini, ukapita langoni, ukashika njia ya nyumbani kwa Yunisi. Naye akaufuata.